Jina Langu Nyuma ya Kabati

Picha ilinifikia kwenye simu asubuhi ya Jumanne, nikiwa juu ya jukwaa la ujenzi huko Pinetown, nje ya Durban, mwiko mkononi. Aliyeituma ni Mama Furaha, mwenye saluni Albert Park, ambaye hujua habari ya mtu kabla ya mwenyewe. Chini yake aliandika maneno matatu: Padri Anselmi ametutoka. Nilishuka, nikawaambia watu wangu waendelee, nikaenda kukaa ndani ya gari. Ilikuwa picha ya mazishi, kanisani kijijini kwao, Ubelgiji. Katikati kulikuwa na jeneza, maua kidogo, na watu wachache wenye makoti meusi. Lakini kabla sijaliona jeneza niliuona ukuta. Nilikuza picha kwa vidole viwili. Mawe ya chini ni ya kahawia, ya juu ni ya kijivu, na kati yake kuna mstari ulionyooka kama uliopigwa kamba. Sijafika kule na sitafika. Ila ukuta ule naufahamu kuliko kuta nyingi nilizojenga mwenyewe, na najua watu waliopo chini ya mstari walipatwa na nini.

Wanaoandika maisha yao huanza na babu na mahali kitovu kilipozikwa. Hayo nayapita. Shule niliacha darasa la tatu. Kusoma nilijifunza kwenye mifuko ya simenti na kitabu cha nyimbo, na kuandika naandika hivi unavyoona. Nina gari, nina mashine ya kuchanganyia zege, nina watu sita wanaokula kwa kazi yangu, na hakuna aliyenishika mkono kunifikisha hapa. Nayasema haya kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa bila kuyajua hutaelewa nilichofanya. Wengine hufunzwa wakiwa vijana. Mwaka ulionifunza mimi ulinikuta na miaka hamsini na mbili na mvi kichwani, kuanzia Kwaresima ya 2009 hadi Kwaresima iliyofuata, katika parokia moja ya hapa Durban.

Mwaka mmoja kabla, wageni wa kutoka nchi nyingine za Afrika walikuwa wamefukuzwa mitaani, na baadhi yetu tulilala wiki kadhaa kwenye ukumbi wa parokia hiyo, wanaume upande huu, wanawake upande ule, sufuria moja ya uji katikati. Mambo yalipotulia, Padri Anselmi, aliyekuwa paroko, akatupa kikanisa cha Bikira Maria kilichoshikamana na kanisa kubwa, tuwe na misa yetu ya Kiswahili kila Jumapili saa nane. Yeye alikuwa amefanya kazi Kongo miaka mingi, upande wa ziwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha misioni, cha kizamani, alikizungumza bila aibu. Kikanisa kilikuwa na mabenchi kumi na mawili, sanamu ya Mama Maria iliyokatika kidole, na harufu ya nguo zilizofuliwa zikakosa jua. Harufu hiyo ilitoka kwenye ukuta wa kushoto. Rangi ilikuwa imebambuka hadi usawa wa kifua, na matofali mekundu ya zamani yalionekana kama fizi. Baraza la parokia lilitaka kukifunga kiwe stoo ya viti. Padri akawaomba, akawaambia Waswahili wenyewe watautengeneza. Na fundi wa Waswahili alikuwa mimi.

Alinipeleka mbele ya ukuta siku ya pili ya Kwaresima. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo, na alikuwa na tabia ya kugusa vitu kwa kidole kimoja, kama mtu anayeonja mchuzi. Alikikuna kiungo kati ya tofali na tofali, kikamwagika kama unga.

"Hii ni chokaa, Bonifasi. Waliojenga walitumia chokaa na mchanga. Usitie simenti."

"Padri," nikamwambia, "wewe soma misa. Ukuta niachie mimi."

Alicheka. Mama Furaha, aliyekuwa akifagia, akamwambia Padri, "Mon père, umwache. Huyu akiambiwa jua limechomoza anatoka kwenda kuhakikisha." Nao wakacheka wote wawili, nami nikacheka, kwa sababu ilikuwa sifa.

Nilitia simenti. Nilichanganya nzito, mchanga tatu kwa simenti moja, nikapiga lipu nene, nikailainisha hadi ukiiangalia kwa ubavu inang'aa kama sahani. Wiki tatu, mimi na watu wangu, baada ya kazi zetu za Cato Manor. Kona ya mwisho, karibu na mlango wa sakristia, usawa wa macho ya mtu mzima, nikaandika kwa ncha ya mwiko lipu ikiwa bado mbichi: KAZI YA BONIFASI. Sikumwomba mtu ruhusa. Tukapaka rangi nyeupe, na siku ya Pasaka watu wakaingia wakasimama kwanza kutazama ukuta kabla ya kupiga goti. Hata mama mwenyekiti wa baraza, mwanamke mkavu aliyestaafu ualimu, alikuja kunishika mkono. Mkhize, mtunza kanisa, alipitisha kiganja ukutani akasema kwa Kiingereza chake kwamba ni kazi safi sana. Nilimpa jibu la mkato. Kwangu alikuwa mtu wa ufagio. Haya pia ni kweli na nayaandika.

Mwezi wa saba, kunapokuwa na baridi hapa, Padri alianza kuniita nyumbani kwake Jumatano mchana. Jiko lake lilikuwa na meza ya mbao iliyokunwa hadi ikawa nyeupe, birika lisilo na mfuniko, na dirisha linalotazama uani. Tulikula maharage kwenye mkate uliotobolewa katikati, kama wanavyokula watu wa hapa, tukimega mfuniko wa mkate na kuchovya. Yeye alijua kula kwa mikono kuliko mimi. Siku moja akaleta albamu yenye jalada la kitambaa, akaifungua kwenye picha ya kanisa. Halikuwa kubwa. Mnara mfupi mnene, paa la mwinuko, makaburi pembeni, na ng'ombe nyuma ya ua.

"Hapa ndipo nilipobatizwa," akasema. "Lina karibu miaka mia saba."

Nikamwambia hakuna nyumba ya miaka mia saba. Akanijibu kwamba halikuwa kanisa la mfalme wala la askofu, lilikuwa la watu wa shamba. La kwanza lilikuwa la mbao, likaungua. Wakaapa kujenga la mawe. Mawe waliyatoa kwenye machimbo ya upande wa mto, ya kahawia, wakayavuta kwa ng'ombe wakati wa baridi ardhi ikiwa ngumu. Walipofika mita nne hivi, tauni ikaingia. Akaweka kidole kwenye mstari katika picha. Fundi akafa, mtoto wa fundi akafa, mchanganya chokaa akafa, paroko akafa. Ukuta ukasimama hivyo hivyo bila paa, kondoo wakalala ndani, hadi wajukuu wa waliobaki walipopata nguvu ya kushika nyundo tena. Machimbo ya zamani hakuna aliyekumbuka yalipo. Wakaenda kwingine, wakapata jiwe la kijivu. "Ndiyo mstari huu," akasema. "Chini ni waliokufa. Juu ni waliorudi." Nilikaa na mkate mkononi. Mimi nilikuwa nimetoka mahali ambapo kuta nyingi ziliachwa mita nne.

Akaniambia mengine pia, Jumatano moja baada ya nyingine. Jinsi askari wa vita fulani walivyofunga farasi kwenye nguzo, na alama za meno ya farasi bado zinaonekana kwenye mbao za mimbari. Jinsi kengele ilivyoshushwa na kuyeyushwa, wakaitiwa misa kwa kugonga jembe. Lakini kilichonishika mimi ni alama. Kila fundi wa mawe, alisema, alichonga alama yake kwenye jiwe alilolichonga. Mmoja msalaba, mwingine nyota, mwingine kitu kama ndoana ya samaki. Kulikuwa na jiwe lenye ndoana karibu na benchi la familia yao, na lilikuwa limewekwa kichwa chini. Alipokuwa mdogo alitia kidole kwenye ndoana ile mahubiri yakiwa marefu.

"Kwa nini wasiandike majina?" nikauliza.

"Wengi hawakujua kuandika."

"Mimi najua."

"Najua unajua. Nimesoma ukutani." Akanywa chai. "Ila alama haikuwa ya sifa, Bonifasi. Ilikuwa na kazi mbili. Fundi apate haki yake. Na ukuta ukipinda, wajue wa kumwita."

Halafu akaeleza, bila kunitazama, kwamba zamani za babu yake walikuja mafundi wa mjini na simenti mpya, wakapiga lipu ukuta wote wa kaskazini, ukapendeza sana. Ukuta wa chokaa unapumua. Unyevu unapanda kutoka ardhini, kisha unatokea nje kupitia viungo. Ukiuziba kwa simenti, maji hayana njia, yanapanda juu zaidi na kula jiwe kwa ndani. Mawe yaliyopita tauni na farasi yakawa unga kwa miaka thelathini. Baba yake na wanaume wa kijiji waliitoa simenti ile kwa patasi, Jumamosi kwa Jumamosi, na yeye Anselmi alibeba ndoo za vifusi.

Nikamwambia, "Simenti ya wakati huo ilikuwa mbaya."

"Labda," akasema, akanimegea kipande cha mwisho cha mkate.

Mvua zilianza mwezi wa kumi. Jumapili moja nilimkuta Mama Furaha amesimama peke yake kikanisani kabla ya waimbaji kufika, kiganja chake ukutani.

"Papa Boni, ukuta yako iko nalia."

Nilimwambia ni jasho la watu. Akasema, "Watu gani? Mimi niko peke yangu, na mimi silii kwa ubavu." Rangi ilikuwa imevimba juu ya usawa wa kifua, juu kuliko mwanzo, na chumvi nyeupe ilikuwa imetoka kama ukungu wa mkate. Niligonga kwa kifundo cha kidole. Sauti ilikuwa ya debe tupu. Fundi akisikia sauti hiyo hahitaji kuelezwa. Nilijua wakati ule ule, nikiwa na kifundo bado kimegusa ukuta, na nilichofanya baadaye nilikifanya nikijua. Jumatatu nilirudi na mtu mmoja, tukalisukuma kabati la mavazi ya misa kutoka sakristia, tukaliweka kwenye ile kona ya mwisho. Lilifunika jina langu lote. Nikamwambia Padri kwamba kabati litafaa hapo kwa waimbaji. Akalitazama kabati, akanitazama mimi, akasema, "Sawa."

Kisha baraza likauliza. Mama mwenyekiti alikuja na mwavuli wake, akagusa ukuta, akaniuliza maji yanatoka wapi. Nami nikamwambia itazamwe mifereji ya paa. Sikusema zaidi. Sikutaja mtu. Lakini mifereji ya paa ilikuwa kazi ya Mkhize, na kila mtu alijua.

Juma lililofuata nilikuwa kwenye jiko la Padri nikimsubiri, na baraza lilikuwa likikutana chumba cha pili, mlango wazi kidogo. Nilisikia sauti ya mama mwenyekiti ikisema kwamba Mkhize amezeeka, ameonywa mara mbili, na kanisa halivumilii uzembe. Mtu mwingine akasema kuna kijana wa kumpa kazi hiyo. Mwingine akasema, na hicho kikanisa kifungwe sasa, tumewapa nafasi wakaichezea. Padri akasema tungoje mkutano wa Jumamosi, asikilizwe kwanza. Nilitazama meza ile nyeupe. Birika lilikuwa linachemka na sikulitoa.

Nilitoka kwa mlango wa uani. Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya Durban isiyo na haraka. Mkhize alikuwa juu ya ngazi upande wa kikanisa, bila kofia. Alikuwa ametia mkono ndani ya mfereji. Akautoa. Ulikuwa mtupu, unatiririka maji safi. Akasogeza ngazi hatua moja, akapanda tena, akatia mkono, akautoa mtupu. Alifanya hivyo urefu wote wa paa. Hapakuwa na jani hata moja na yeye alijua hapakuwa na jani. Alikuwa anatafuta kosa lake. Aliponiona chini akaniambia kwa Kizulu, polepole ili nielewe, kwamba mifereji ni safi, mimi ni fundi, niwaambie. Nikatikisa kichwa kama mtu asiyeelewa. Nilielewa kila neno.

Nimefukuzwa katika maisha yangu. Nimebeba godoro kichwani nikipita mbele ya watu waliokaa vibarazani wakitazama. Siku zile nilikuwa nikijiuliza ni mtu wa namna gani anayeweza kumwondoa mwenzake mahali pake bila kumchukia. Uani pale nikamjua.

Jumamosi mkutano ulianza saa nne asubuhi ukumbini. Mkhize alivaa suti. Mkewe alikaa nyuma na mkoba magotini. Mama mwenyekiti alisoma mashtaka yake kwenye karatasi, mfereji, maji, ukuta. Nilinyanyua mkono. Nikasema twendeni kikanisani kwanza, ukuta hauji huku. Wakanung'unika, wakaja. Nililishika kabati upande mmoja, na aliyeshika upande wa pili, bila kuombwa, alikuwa Padri, na umri wake ule. Tukalisogeza. Jina langu lilikuwa bado pale, ila herufi za mwisho zilikuwa zimedondoka pamoja na rangi, na chumvi imejaa ndani ya zilizobaki.

Nikasema, "Mifereji ni mizima. Padri aliniambia chokaa, nikatia simenti. Maji yamekosa njia. Mwenye kosa ameandikwa hapo."

Nilisema kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza ningejificha. Padri akatafsiri neno kwa neno, hakulainisha. Mama Furaha, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika tangu nimjue, alitazama sakafu. Nikachukua nyundo na patasi nilizokuja nazo, nikaipiga lipu kwenye herufi ya kwanza. Kipande kikubwa kama mlango wa kabati kikaanguka chote mara moja, na nyuma yake tofali lilikuwa limekuwa uji.

Mkhize hakunipa mkono siku ile. Alitoka na mkewe. Kazi yake ilibaki yake, lakini kwa wiki tatu alinipita kama nguzo, na alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nakuja kila jioni kubandua kazi yangu mwenyewe. Kupiga lipu nilichukua wiki tatu. Kuitoa nilichukua hadi karibu na Krismasi, kwa sababu ukitumia nguvu tofali linakuja nalo. Wiki ya nne nilisikia ndoo ikisogezwa nyuma yangu. Alikuwa Mkhize. Alijaza vifusi, akabeba, akarudi. Baada ya ndoo ya tatu akaniambia, "Ulielewa siku ile."

"Nilielewa."

Akajaza ndoo ya nne.

Chokaa Padri alinifundisha mwenyewe, jinsi baba yake alivyomfundisha. Unaitia chokaa ya moto, ile isiyozimwa bado, kwenye pipa la maji, inachemka yenyewe bila kuni, inanguruma, na usisogeze uso. Kisha unaiacha ilale chini ya maji wiki nyingi, hadi iwe laini kama siagi. Mimi niliyezoea lipu inayoshika saa ile ile, nilingoja. Tukauacha ukuta nao uchi ukauke, tukasali mbele ya matofali matupu Januari yote, na baraza halikukifunga kikanisa, kwa sababu mama mwenyekiti alisema hajawahi kuona fundi anayebomoa bila kulazimishwa na alitaka kuona mwisho wake. Kwaresima ilipoingia tukapiga tabaka la kwanza, jembamba, tukangoja, la pili, tukangoja. Haikung'aa kama sahani. Ilikuwa na mawimbi madogo ya mkono.

Siku ya mwisho Padri akasema, "Weka alama."

Nikakataa. Akasema si ombi. Basi nikapiga magoti, nikachora kwa ncha ya mwiko pembetatu ndogo yenye mkia, chini kabisa, kiganja kimoja juu ya sakafu, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Mkhize alikuwa ameegemea ufagio wake. "Hapo nitaiona mimi tu," akasema. "Kila siku."

"Ndiyo," nikamwambia. "Wewe ndiye wa kuniita."

Padri aliondoka miaka miwili baadaye, magoti yamechoka. Nilimpeleka uwanja wa ndege na gari langu, tukasimama kwenye kila robot, kama wanavyoita hapa taa za barabarani. Hatukuwa watu wa kuagana kwa maneno mengi. Hakuandika barua, nami nisingejua la kumjibu.

Jumanne ile ya picha nilimaliza kazi Pinetown saa tisa nikaendesha hadi parokiani. Ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mkhize, ambaye sasa anatembea na fimbo na ana msaidizi wa kupanda ngazi, alikuwa kikanisani, amekwisha kusikia. Nilimwonyesha simu. Nilimkuzia ukuta wa kule, nikamwonyesha mstari, chini waliokufa, juu waliorudi, nikamwambia kwamba karibu na benchi moja kuna ndoana iliyogeuzwa kichwa chini, haionekani kwenye picha lakini ipo. Alitazama muda mrefu. Kisha akaniashiria nimshike mkono, akainama taratibu hadi goti likagusa sakafu, akaweka kiganja chake chote juu ya ile pembetatu yenye mkia.

"*Lomile*," akasema.

Nikaweka wangu pembeni ya wake. Umekauka.